Mtungi Usiopungua

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Sikusomea, nimejifunza kwa kuunguza vidole, na sipendi longolongo. Haya nayaeleza yalivyokuwa.

Jumamosi moja nilimtengenezea shemeji, mume wa dada yangu, jiko la kuchomea nyama uani kwake. Pipa nilishalipasua. Ikabaki kuchagua moto.

"Mkaa ndio nyama," shemeji alisema.

"Na moshi ndio kifua chako," dada akamjibu. "Kaka, weka gesi."

Vichomeo vya bati, vile vya matundu ya kutolea gesi, huoza upesi, kwa hiyo nikatafuta cha chuma kizito. Muuza vyuma chakavu alikuwa nacho. Akaanza kunieleza kilikotoka, nikamkatiza. "Nanunua chuma, sinunui hadithi."

Kiliwaka vizuri, moto wa buluu. Wakachoma karibu kila siku.

Mwezi wa tatu tangu hapo, dada alikuja karakanani.

"Kaka, mtungi haupungui."

Nikacheka. "Wenzako wanalia gesi inaisha, wewe unalia haiishi?"

Hakucheka. "Na mume wangu hawezi tena kupanda ngazi."

Tulikwenda mchana uleule. Shemeji alikuwa kitini uani, shati limempwaya. Nikafunga mtungi. Nikachomoa mpira wa gesi. Nikawasha kiberiti, nimwoneshe dada kwamba hakuna kitu.

Moto ukashika.

Shemeji akajishika kifua. "Zima," akanong'ona.

Nizime nini? Nikatupia gunia bichi. Moto ukafa. Akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini.

Nikapaka povu la sabuni kwenye matundu, ninavyopima uvujaji siku zote. Povu likavimba. Likanywea. Likavimba. Mpira ulikuwa chini, miguuni pangu. Nikamtazama shemeji kifuani.

Vilikwenda pamoja.

Nilikibeba kile kichomeo hadi karakanani nikakikata vipande vinne. Unga wa chuma ukajaa kwenye matundu. Nikaupuliza kwa mdomo, kama nilivyozoea, kisha nikavifukia vipande.

Shemeji amepona. Anapanda ngazi, ananitania kwamba nimemrudisha kwenye mkaa.

Jana nilikuwa namalizia jiko la mteja. Kichomeo kipya, nimekitoa kwenye boksi mwenyewe. Mtungi bado uko dukani. Nikapaka povu kwenye kiungo, kwa mazoea tu.

Likavimba. Likanywea.

Nikabana pumzi.

Likatulia, likinisubiri.