Lenzi Aliyoichagua Babu

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika mtaani kwao South End, Louisville, Isaro alimtilia babu yake dawa ya macho. Zamani Mzee Gatsinzi alichunga ng'ombe katika milima ya Kivu Kusini. Sasa macho yake yalikuwa yakififia, na daktari alikwisha sema wazi kwamba hayatafika majira ya joto. Mzee alikuwa na ombi moja tu: kuwaona tena korongo, ndege aliowazoea malishoni kwao, hata wawe wa Marekani, hata kwenye picha.

Bahati nzuri, Jumamosi klabu ya picha ya shule ilikuwa ikienda kwenye mashamba ya mahindi ambako korongo hutua wakati wa baridi. Bi Patricia, mwalimu wao, alimpa Isaro lenzi mbili za kamera za kuvuta vitu vya mbali, azijaribu nyumbani na kuchagua moja.

"Hii ndefu ni nzito, tena inataka mwanga mwingi," alimwonya. "Asubuhi za Januari zina giza. Mkono ukitikisika kidogo tu, picha imeharibika."

Nyumbani, Babu alizipapasa zote mbili kama mtu anayechagua fahali. Kwao ng'ombe husifiwa kwa urefu wa pembe.

"Bon, utabeba hii murefu," alisema akicheka, kwa Kiswahili chake cha Kongo chenye Kifaransa ndani yake. "Nani anaacha pembe murefu anachukua fupi?"

Isaro alikumbuka onyo la Bi Patricia. Kwao mtoto hampingi mzee. Akayameza maneno ya mwalimu, akabeba ile ndefu.

Jumamosi baridi ilikuwa kali kupita kiasi. Korongo walikuwapo tele, wakipiga kelele shambani. Mikono ya Isaro ilitetemeka kwa uzito ule, na hakuna picha hata moja iliyotoka sawa.

Jioni Babu aliisogeza picha mojawapo hadi karibu na pua, akaikodolea macho.

"Naona ukungu tu," alisema hatimaye, na machozi yakamtoka. "Donc, basi macho yangu imeisha. Nimechelewa, mujukuu wangu."

Isaro aliumia sana moyoni. Kunyamaza kungekuwa rahisi.

"Hapana, Babu! Macho yako bado yanaona. Picha ndiyo mbaya. Mwalimu alinionya kuhusu lenzi hii, nami sikukuambia. Niliogopa kukupinga."

Mzee aliutafuta mkono wake, akaushika. "Mimi najua ng'ombe, sijui hiyo mashine. Kama unajua kitu mukubwa hajui, umwambie kwa adabu. Hiyo ndiyo heshima. Ukinyamaza, unamupoteza."

Jumatatu Isaro alimweleza Bi Patricia yote. Jumamosi iliyofuata mwalimu alimrudisha shambani na lenzi fupi, na picha ikatoka safi. Babu aliitazama dirishani, penye mwanga.

"Huyu ana paji nyekundu," alisema polepole. "Wa kwetu wana taji ya manjano."

Akalia bila kujificha, na Isaro naye akalia.

Theluji ilipoyeyuka, Babu alikuwa haoni kitu tena. Wageni walipokuja kumpa pole na kumwuliza korongo wa huku wakoje, alimwelekeza Isaro.

"Mumuulize huyu," aliwaambia. "Hata ukweli ukiuma, atawaambia."