Mlengwa Hewa wa Hirbadaw

"Huyu ni mlengwa hewa. Mgambo, mshike."

Jamani... aliyeshikwa ni mama mkwe wangu. Mjane wa miaka sabini na kitu, anatembelea fimbo. Hewa ametokea wapi?

Naitwa Kornelia, nimeolewa hapa Hirbadaw. Ilikuwa siku ya uhakiki mpya wa ruzuku ya kaya maskini. Zamani ulionyesha kadi, ukalipwa. Wajanja wakawa wanatumia kadi za marehemu, hao ndio walengwa hewa, ndiyo ikaja sheria mpya: kila mlengwa ataje majina yake matatu kwa mdomo wake, na asisaidiwe.

Mama alitaja mawili, akanyamaza.

"La tatu?" afisa Theodory akauliza.

Mama akainamia fimbo yake.

La tatu ni la baba mkwe wake, ndivyo alivyoandikishwa alipoolewa. Kwetu Wadatoga mwanamke aliyeolewa halitaji jina hilo, hata kama mwenyewe yuko kaburini miaka arobaini.

Nikajikaza, nikasogea.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mkwe wake. Mila yetu hairuhusu kulitaja hilo jina."

"Kila mwizi ana mila yake. Ukiendelea, mnaenda kituoni wote wawili."

Niliogopa, siwafichi. Nina mimba ya miezi saba. Na mama, kwa kifua chake kibovu, akilala mahabusu usiku mmoja tu hatoki mzima.

Mgambo alishaanza kumvuta...

"Msomee majina matano," nikasema. "La baba mkwe wake liwemo. Akilisikia, ainue fimbo."

Theodory akacheka, akasoma kwa kejeli. La kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, kimya. La nne... fimbo ikapanda.

Akabadilisha mpangilio, akarudia. Fimbo ikapanda kwenye jina lilelile.

Mgambo akauachia mkono wa mama.

Theodory akafunua orodha yake ili aweke tiki. Hapo ndipo nikaona majina yaliyokatwa kwa kalamu nyekundu. Kumi na moja, ya vijiji mbalimbali. Yote ya wanawake.

"Na hawa?"

"Walishindwa kutaja majina yao," akajibu. Sasa hata yeye alikuwa hacheki.

Nikayasoma moja moja. La tano lilikuwa la mwanamke wa kijiji cha Balangdalalu, nilikozaliwa.

Mama yangu mzazi.

Siku mbili kabla alikuwa amenipigia simu. "Wamenifuta, mwanangu."

Mnajua nilimjibu nini? "Mama, mtu hafutwi bure. Utakuwa umedanganya kitu."

Akasema, "Haya." Akakata.

Ndugu zangu, wezi wakamatwe, sipingi. Ila kabla hujamwita mtu mwizi, muulize kwanza kwa nini amenyamaza. Yule afisa alikuwa mgeni, hakujua. Mimi najua mila, tena aliyefutwa ni mama yangu, na sikumuuliza.

Leo nimempigia mara sita. Inaita tu, hapokei.