Niliandika Maoni ya Baba Yangu Bila Kumuuliza

Baba yangu alisimama katikati ya mkutano, akavua kofia.

"Hayo maneno si yangu."

Mjumbe wa Tume aliyekuwa anasoma akainua macho, karatasi mkononi. Chini ya karatasi ile kulikuwa na alama ya dole gumba la baba. Juu yake kulikuwa na mwandiko mzuri wa mlazo...

Mwandiko wangu mimi, Costansia.

Nyie, mnajua kutamani ardhi ipasuke ikumeze?

Msianze kunihukumu hapo. Hukumu ipo, msijali, ila kwanza muipate na sababu zake.

Ilikuwa mwaka 1991. Huku kwetu Bugomora tulikuwa bado wilaya ya Karagwe, Kyerwa haijawa wilaya, Rubwera hakuna cha ofisi za wilaya wala nini. Redio ikatangaza kwamba Tume inazunguka nchi kuuliza wananchi mambo ya katiba: tubaki na chama kimoja au viwe vingi? Na mwenye lingine naye alitoe. Kila neno litaandikwa, litahifadhiwa.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Elimu yangu darasa la saba, lakini mwandiko... we acha tu. Nusu ya barua za posa za kijiji kile niliandika mimi. Ndiyo maana Katibu wa kijiji akanichukua niwe karani wake.

Katibu alikuwa Ndugu Kahigi. Na Kahigi huyo alikuwa baba yangu wa ubatizo.

Wazazi wangu walitoka Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera. Familia kama zetu zilikuwa na kautaratibu kao: mtoto akizaliwa, unatafuta mwenyeji mwenye heshima amsimamie kwenye ubatizo. Hapo si jirani tena, ni ndugu. Na utaratibu wa pili: habari za ng'ambo hazizungumzwi nyumbani. Ukimuuliza baba "sisi tulifikaje hapa?", unapewa jembe ukapalilie.

Kwa hiyo nilikua sijui kitu. Mkumbuke hilo.

Wiki moja kabla ya Tume kufika, Kahigi akazunguka kijiji kukusanya madole gumba kwenye karatasi nyeupe, jina la mtu nyuma kwa penseli, mbele tupu kabisa. Mtasema watu walikuwa wajinga. Hapana. Sisi ni watu wa kahawa. Kule chama cha msingi cha ushirika, tunakouza kahawa, foleni ni ndefu, unaweka dole kwanza, karani anajaza baadaye. Mikono ilishazoea.

"Weka hapa," Kahigi akawaambia. "Costansia atapita kukuuliza maoni yako, ayaandike."

Wakaweka watu arobaini na mmoja. Baba yangu mmojawapo.

Asubuhi niliyojiandaa kuanza nyumba ya kwanza, Kahigi akaniita ofisini.

"Kaa hapo mwanangu. Huendi kokote. Nakili haya kwenye zote."

Kikaratasi kilisema: *Nimeridhika na chama kimoja. Vyama vingi vitaleta vita. Sina la kuongeza.*

"Lakini Baba, si tulisema nitawauliza?"

"Umeshawauliza."

"Sijawauliza."

"Costansia... umeshawauliza. Wilayani wanataka kijiji chenye kauli moja, na mimi nitawapa."

Nikainuka. Akanitangulia mlangoni, akafunga, ufunguo akautia mfukoni. Halafu akakaa mbele yangu, sauti ya chini, ya upole kabisa.

"Hivi Polikarpi baba yako ana karatasi gani ya kuishi nchi hii?"

Sikuwahi kuona karatasi yoyote nyumbani.

"Unajua ng'ambo kuna vita tangu mwaka jana. Wilayani wanauliza nani ni nani. Barua yangu moja tu, Polikarpi anavushwa mto. Na mama yako. Nimewalinda miaka yote, hujui tu."

Nikakaa chini.

Chumba kilikuwa kimoja, dirisha moja la mbao. Saa sita nikasikia sauti ya mama yangu, Nyirabageni, anapita na mkungu wa ndizi.

"Costa, hujala. Nikuletee?"

Kahigi ananitazama tu.

"Nina kazi mama. Nitakula nikirudi."

Nyayo zake zikapita. Ukuta mmoja tu kati yetu, na sikuweza kumwambia niokoe. Niliandika huku nalia, nafuta machozi kwa mkono wa gauni yasidondokee wino. Ya baba niliiacha ya mwisho.

Akanifungulia saa kumi jioni. "Mungu akubariki mwanangu," akasema.

Siku nne zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko ile. Kila nikirudi, baba ananisubiri.

"Costa, mbona hujafika kuniuliza? Nimeyapanga maoni yangu vizuri."

"Nitafika kwako baba."

"Usinisahau."

Nilimkuta kwenye migomba anapalilia, anajisemea kwa sauti, anarudia, anasahihisha. Mtu hajui kusoma, anakariri hotuba yake kwa Tume! Nilijificha nyuma ya mgomba nikang'ata kanga.

Sasa turudi mkutanoni.

"Mzee, dole hili ni lako?" akauliza mjumbe.

"Dole ni langu. Mdomo si wangu."

"Wewe ulitaka kusema nini? Vyama vingi?"

"Hapana. Nataka chama kimoja."

Watu wakacheka. Mjumbe naye akatabasamu.

"Si ndicho kilichoandikwa?"

"Ndicho. Lakini hakuna aliyeniuliza, na mimi nina sababu zangu. Kule nilikozaliwa, ng'ambo, vyama vilikuja, kila kimoja kikajifanya kabila. Nyumba yetu ilichomwa saa nne asubuhi. Aliyewasha moto tulikariri naye katekisimu. Kwa hiyo naogopa vyama. Lakini naogopa zaidi mtu anayenisemea. Andika hivyo."

Kahigi akaruka juu.

"Mheshimiwa, mmemsikia wenyewe! Kazaliwa ng'ambo! Huyu si raia, hana haki ya kutoa maoni hapa."

Nikafumba macho. Nikamwona baba anavushwa mto, mama nyuma yake na godoro kichwani. Nimeandika uongo mara arobaini na moja ili siku hii isije, na imekuja.

Baba hata hakupandisha sauti.

"Mwaka themanini na moja nilipewa cheti cha uraia. Kiko nyumbani, kwenye sanduku. Fomu ilitaka shahidi mwenyeji. Shahidi wangu ni Ndugu Kahigi huyu. Alitia sahihi mezani kwangu, tunakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi."

Watu wote wakamgeukia Kahigi.

Kahigi alijua! Siku ile ananifungia mlango, alijua baba yangu ni raia kama yeye. Alijua pia kwamba kwetu watoto hawaambiwi, na mimi siwezi kuuliza.

Mjumbe akazigeuza karatasi moja moja.

"Zote arobaini na moja, mwandiko mmoja, maneno yaleyale. Nani aliyeandika hizi?"

Kahigi anatazama viatu. Akinitaja, nitamtaja.

"Mzee, wewe unamjua mwandishi?"

Baba akageuka. Akaniona nilipokaa. Nilijua kwamba amejua.

"Mimi sijui kusoma, mheshimiwa. Miandiko siitambui."

"Kuna mwingine hapa ambaye maneno haya si yake?"

Watu arobaini, wote wapo. Kokushubira jirani yetu, mjane, mwanamke asiyenyamaza hata kanisani, akanitazama... akainamisha uso. Na wengine vivyo hivyo. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Nilidhani wanamwogopa Kahigi.

Na mimi? Nilibaki nimekaa. Nilisema moyoni "simama Costansia, simama".

Mjumbe akapiga mstari kwenye karatasi ya baba, akaandika upya kwa mkono wake. Zile arobaini zikarudi kwenye jalada, zikafungwa kwa kamba, zikaondoka na gari la Tume.

Nyumbani baba alisema neno moja tu.

"Ungeniuliza, Costa."

Akachukua jembe akaenda shambani.

Kahigi hakufanywa kitu. Alihamishiwa kijiji kingine, akastaafu na heshima zake.

Mwaka 1994 shemeji zake Kokushubira walimtoa kwenye kibanja cha marehemu mumewe, migomba na kahawa yote, kwa sababu hakuzaa mtoto wa kiume. Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Tukiwa tunakunja mkeka, nikamuuliza.

"Mama, ungeulizwa na Tume siku ile, ungesema nini?"

Akajibu papo hapo, bila kufikiri.

"Ningesema katiba iandike mjane asifukuzwe kwenye kibanja. Mambo ya vyama mimi siyajui. Nilikuwa nimejiandalia hilo moja tu."

"Kwa nini hukusimama basi? Mjumbe aliuliza."

"Ningesimama ungefungwa jela. Kijiji kizima tulijua ni wewe. Tungemtoa mtoto wa Nyirabageni kwa askari kwa sababu ya karatasi?"

Nilikaa chini juu ya mizigo yake, nikalia mpaka yeye mwenye msiba ndiye akawa ananibembeleza.

Sisemi sentensi yake moja ingemrudishia shamba. Huenda isingefika popote. Lakini alikuwa nayo, imekamilika, na mimi nilipaswa kuja kuichukua.

Baba amefariki, Kokushubira amefariki. Karatasi zile nadhani bado zipo mahali, maana walisema zitahifadhiwa. Siku msomi akifungua jalada la kijiji chetu atakuta Kokushubira, mjane, Bugomora, ameridhika, hana la kuongeza.

Wadogo zangu mnaosoma hapa, mtu akikutisha kwa siri ya mzazi wako, usiibebe peke yako. Mpelekee mzazi mwenyewe hata kama nyumbani kwenu hamzungumzi hayo, hata kama atakupa jembe. Mimi niliogopa swali moja, nikajaza karatasi arobaini na moja.

Na wewe msomi, ukilikuta jalada hilo, andika pembeni kwamba mwandiko ni wa Costansia Polikarpi, na kwamba Kokushubira alikuwa na la kuongeza.