Koti la Vipimo vya Zamani

Usishone nguo mbili, moja tupu ibakie;
Wapo wasio na mwili, wangojao waingie.

Doa lilianzia kwapani. Fundi alilikuta asubuhi alipotoka chumba cha nyuma cha duka lake: duara la jasho, bado bichi, kwenye koti ambalo tangu lishonwe halikuwahi kuvaliwa na mtu. Alilinusa. Lilinuka chumvi, na chini ya chumvi kitu kama utambi uliozimwa sasa hivi. Akatazama dari, akitafuta pa kusingizia. Dari ilikuwa kavu.

Watu walimwita Hafumui, kwa kuwa katika miaka thelathini ya cherehani hakuna aliyemwona akifumua mshono. Alipima mara tatu, akakata mara moja, na alichokishona kilikaa. Jina hilo alilipenda kuliko duka lenyewe. Lakini moyo haupimwi kwa futi. Ulimwangusha juu ya meza ya kukatia, mkasi mkononi, akalazwa siku kumi na tisa. Siku ya kutoka, daktari, mwanamke asiyejua kupamba maneno, alimwambia mbele ya mkewe: "Baba, punguza kilo thelathini. Ukirudishwa hapa na mwili huu, sitaahidi kwamba utatoka."

Ndipo akashona lile koti. Alilishona kwa vipimo vyake vya siku ile, kiuno sentimita mia thelathini na mbili, mishono ya kurudia, uzi uliopakwa nta, akalivika sanamu ya mbao dirishani ili kila siku aone alikotoka. Ukosi tu ndio uliomsumbua. Alilala nao moyoni, na asubuhi akaukuta umekaa sawa kuliko alivyokumbuka.

"Unamshonea nani, mume wangu?" aliuliza mkewe, aliyekuwa akipinda mapindo ya suruali kando ya mlango. "Huyo mnene si tumekwisha kumfukuza nyumbani?"

Fundi akacheka, akalipiga koti begani kama anayemuaga rafiki. "Anayeutaka unene huu na auvae. Mimi nimeuvua."

Alikuwa bado hajavua hata ratili.

Jim ya mazoezi ilikuwa mtaa wa pili, juu ya duka la rangi. Kocha wake aliitwa Chuma, mtu mwenye shingo kama mchi na sauti ya mlezi. "Polepole, fundi," alimwambia. "Moyo wako ni mtoto mchanga, tunaufundisha kutambaa." Siku ya kwanza fundi alitembea dakika nane juu ya mashine ya kukimbilia. Siku ya tatu mapaja yalizikataa ngazi. Siku ya nne aliaga nyumbani alfajiri, mfuko begani, akaingia chumba cha nyuma cha duka na kulala juu ya marobota ya vitambaa. Akafanya hivyo kila siku iliyofuata.

Na mwili ukapungua. Kilo tano, kilo tisa, kilo kumi na nne. Mkewe akambania suruali mara mbili. Majirani wakamuuliza siri yake, naye akawajibu bila haya: "Jasho, ndugu zangu. Jasho!"

Jasho lilikuwapo kweli, ila halikuwa lake.

Siku ya tatu baada ya lile doa, Chuma alikuja dukani na taulo mkononi. "Shikamoo, fundi. Umelisahau tena kwenye mashine." Fundi alipojitokeza kutoka nyuma, macho yamevimba kwa usingizi, kocha alimtazama kutoka utosini hadi miguuni. Taulo likamponyoka.

"Asubuhi hii," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "umekimbia saa nzima. Nimekusihi ushuke. Hukugeuka."

"Nilikuwa hapa."

"Fundi, unakuja kila siku. Unakimbia na koti. Nilidhani ni la kutoa jasho. Na kila siku najiuliza, mzee huyu mbona anazidi kunenepa?"

Wakageukia dirishani kwa pamoja. Sanamu ile ilikuwa na kiuno cha nyigu, mbao tupu, na koti lilikuwa likining'inia juu yake kama hema lililokosa nguzo. Sasa mabega yalikuwa yamejaa, mikono imevimba, vifungo vimekazana hadi nyuzi zinaonekana, na pale tumboni, chini ya kitambaa ambacho fundi mwenyewe alikikata kwa mkono wake, kitu kilikuwa kikipanda, kikishuka, kikipanda, kwa pumzi za mtu aliyetoka mbioni na ambaye, akisha kupumzika kidogo, atataka kuendelea.

Chuma aliteremka vidaraja vya mlangoni bila kuaga.

Nyumbani, fundi aliungama. Mkewe hakumgombeza. Alichukua futi, akampima kiuno, akakisoma kipimo mara mbili. "Kilo za daktari zilikwisha juma lililopita," alinong'ona. "Nilidhani bidii imekuzidi. Mume wangu, huyo hajui kushiba. Atakumaliza."

Akamleta shangazi yake, mpunga majini aliyekwisha kuacha kazi kwa sababu ya maumivu ya magoti. Bibi huyo hakuvuka kizingiti. Alisimama nje adhuhuri, jua kichwani, akalitazama koti kupitia kioo.

"Ulimwita jini, na vipimo ukampa," alisema. "Yeye hana umbo. Umbo kapewa na wewe, na la kulijaza analitoa kwako."

"Tulichome?"

"Lichome likiwa limejaa, utaungua wewe. Litafumuliwa. Mkono ulioshona ndio ufumue, mshono mmoja kwa siku, kwa maana kila mshono utakurudishia alichokula, na ukirudishiwa vyote kwa mpigo moyo wako utapasuka. Kila kinachorudi, nenda ukakitolee jasho mwenyewe. Na usibakize hata mmoja."

"Shangazi, mimi sijawahi kufumua."

"Basi jifunze, mwanangu. Uzee bado haujakufungia shule."

Koti lilikuwa na mishono thelathini na mmoja. Kila adhuhuri alifumua mmoja, vidole vikijikwaa katika kazi ambayo vilikuwa vikiidharau, na kila mshono ulipoachia, uzito ulimrudia mwilini kama maji yanayojaza mtungi. Kila alfajiri alikwenda jim, mkewe akimshika kiwiko ngazini. Alikimbia, na mashine iliyo jirani ilizunguka pia, mkanda wake ukididimia kwa vishindo vya nyayo zisizoonekana, na juu ya vishindo hivyo koti likipanda na kushuka, siku moja bila mkono wa kulia, siku nyingine bila bitana, siku nyingine limebaki kifua na mgongo tu, na halikumgeukia, kwa kuwa halikuwa na uso wa kugeuza, bali lilipunguza mwendo alipopunguza na kuongeza alipoongeza, huku Chuma akiwa ameupa ukuta mgongo, kidole kimoja kwenye mshipa wa fundi, akihesabu kwa midomo bila kutoa sauti.

Moyo ulistahimili. Ulitambaa, ukasimama, ukatembea.

Siku ya thelathini na moja fundi alifumua mshono wa mwisho. Vipande vya koti vilitawanyika mezani. Akavuta pumzi, akamtazama mkewe, naye mkewe hakuwa akimtazama yeye.

Ukosi ulikuwa hewani, kimo cha shingo ya mtu, umeshikamana na utepe wa kitambaa kwa mshono mmoja ambao hakuuhesabu, nao ulikuwa ukimsogelea.

"Nipime," ulisema, kwa sauti ya fundi mwenyewe, sauti inayohema.

Fundi aliudaka, akaukwaruza uzi kwa kucha, akauvuta. Uzi ulimkata kidole na haukuachia. Ukosi ukamzunguka shingoni. Sanamu ya mbao ikaanguka kwa kishindo, naye akaanguka juu yake, mkono kifuani, palepale kwenye maumivu aliyoyajua.

"Nimefumua yote," alikoroma. "Mishono yangu naijua yote!"

"Huo si wako," alisema mkewe.

Alikuwa amekwisha kupiga magoti, sindano kati ya vidole. "Ukosi ulikuwa umepinda. Niliufumua usiku ule ukiwa umelala, nikaushona upya."

Hata pale, pumzi ikimkatika, macho ya fundi yalimgeukia. "Mingine... mingapi?"

"Miaka thelathini, mume wangu. Usiniulize hesabu. Tulia."

Akatia ncha ya sindano chini ya uzi, akaufumua mchomo kwa mchomo. Mmoja. Wa pili. Mikono isiyoonekana ilimshika kifundo cha mkono, baridi kama pasi iliyolala, ikambana hadi mfupa ukalia. Wa tatu. Wa nne. Mkono wake haukujikwaa; ulikuwa umeizoea kazi hiyo, gizani, bila kuonwa. Wa tano. Wa sita ulipoachia, yule mwenye sauti ya mumewe alimwita kwa jina la utani ambalo mumewe alikuwa akimwita chumbani tu, akamwomba aache. Mwanamke alifumba macho, akafumua wa saba.

Harufu ya utambi ikajaa dukani, ikapita mlangoni, ikaisha.

Ukosi ulilala sakafuni kama kitambaa kingine chochote. Fundi alikuwa chini, mnene karibu kama siku aliyotoka hospitalini, akihema vibaya, lakini akihema. Sanamu ilikuwa imevunjika kiuno. Mkewe alijinyanyua kwa kushika meza, kifundo kimevimba, akachomeka sindano katika upindo wa gauni lake. Mle dukani, aliyebaki amesimama ni yeye.