"Haikuonekana" Si "Hakuna"

Kila asubuhi nilichota maji kisimani nyuma ya nyumba. Mwanangu wa miaka mitatu aliyanywa. Siku hizo alikuwa analia tumbo, anakonda. Hatua kumi tu kutoka kisimani, fundi betri alikuwa anapasua betri kuukuu. Nikamshtaki kwa afisa wa afya. Afisa akapima maji, akaniletea karatasi: "Risasi: haikuonekana."

"Umesikia, mama mdomo?" fundi akanicheka. "Hakuna!"

Nami, mjinga wa kutupwa, nikachota miezi miwili zaidi.

Wifi yangu anafanya kazi maabara. Alipotutembelea, nikamwonyesha karatasi.

"Risasi?" mume wangu akadakia. "Kwani nani kapigwa?"

"Madini, kaka. Yamo ndani ya betri. Yanadumaza akili ya mtoto." Wifi akasoma tena. "Wifi, haikuonekana si hakuna! Kipimo hiki hakioni risasi ikiwa kidogo."

"Lakini nayachemsha!"

"Kuchemsha hakuondoi risasi."

Nikapiga meza, vikombe vikaruka. "Sasa hicho kipimo ni cha nini?"

"Kina nyuzi ndogo mno za DNA, zenye rangi. Risasi ikizikata, zinang'aa. Ubaya wake, zinang'aa kidogo hata bila risasi. Mwanga hafifu wa kweli unapotelea humo."

"Na ninyi huko maabara?"

"Sisi tumeweka kizima-mwanga kwenye kila uzi. Usipokatwa, giza totoro. Tena tunasubiri saa nzima, ili chembe moja ya risasi ikate nyuzi nyingi. Hapo hata kiasi kidogo kinaonekana."

Kesho yake akachukua maji kwa chupa safi. Kwenye kipimo chao yaling'aa kijani. Hospitali wakapima damu ya mtoto: risasi imo. Matibabu yakaanza siku hiyohiyo.

Nikamwendea afisa, nikamfokea mbele ya watu: "Andika kipimo chako hakioni nini!" Siku hizi karatasi zake zinataja kiasi kidogo kabisa kinachoweza kuonekana. Kisima kimefungwa, fundi kahamishwa. Tunachota kwenye bomba la mtaa wa pili, lililopimwa kwa kipimo cha wifi.

Mwanangu anakula, anacheza. Kuhusu akili yake, daktari anasema tusubiri aanze shule. Nasubiri kwa hasira.