Kodi ya Mwaka wa Kungoja

"Bibie, hao kome walikuwa wangu," alisema Idwal Mathias, dereva wa basi mstaafu, kofia bapa kichwani na shingoni skafu aliyofumiwa na mkewe kabla Mungu hajamchukua.

Soko la mji wa Swansea lilikuwa limefurika Jumamosi ile. Bakuli la mwisho la kome wa baharini waliochemshwa lilikuwa mikononi mwa mama mmoja aliyevaa koti la bluu na bruchi ya fedha.

"Uliwaandika jina?" aliuliza yule mama.

"Nimepanga foleni."

"Na mimi nilikuwa mbele yako. Lete siki, tugawane."

Huyo ndiye Eirlys Probert, mjane. Wiki ileile alikuwa ameuza nyumba aliyoishi na marehemu mumewe. Fedha aliziweka benki, akahamia kwa dada yake Nesta kwa muda, hadi apate kijumba cha kununua.

Muda huo ukawa mwaka. Kila jioni simu ililia, Idwal akiwa upande wa pili.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe? Usinidanganye, chai na biskuti si chakula."

"Lakini zilikuwa biskuti tano."

Halafu ikaja barua ya kodi. Eirlys aliifungua mkahawani, mbele ya Idwal.

"Nilipouza nyumba sikutozwa kitu," alisema. "Nikajua yamekwisha. Kumbe riba ya benki nayo ina kodi. Paundi elfu moja na mia mbili na kitu, Idwal, watanikata kwenye pensheni."

Siku hiyo Idwal alikuwa na pete mfukoni. Maneno aliyafanyia mazoezi tangu asubuhi, mbele ya kioo. Sasa yakamtoka mengine kabisa.

"Watu waliooana hugawana akiba," alisema. "Tukioana, nusu ikawekwa kwa jina langu, kodi ingepungua."

Eirlys akaweka kikombe chini taratibu.

"Kumbe ndiyo hesabu uliyokuwa ukipiga mwaka mzima."

"Si hivyo, Eirlys."

"Basi ni vipi?"

Idwal aliishika pete mfukoni, asiitoe. Eirlys akavaa glavu zake, kidole kwa kidole, akaondoka.

Idwal alipopiga simu jioni, alipokea Nesta.

"Hayupo, shemeji."

"Mbona namsikia akikohoa?"

"Basi hayupo, na anakohoa."

Kwa siku nyingi ikawa hivyo. Eirlys aliomba asubuhi na usiku aondolewe uchungu, na bado simu ikilia alikuwa wa kwanza kugeuza kichwa.

Jumapili moja, Idwal, ambaye hakuwa amekanyaga kanisani tangu amzike mkewe, aliketi benchi la nyuma katika kanisa la Eirlys, akaimba nyimbo zote kwa sauti mbovu. Ibada ilipokwisha alimngoja Eirlys mlangoni, mvua ikimnyeshea.

"Umetuharibia nyimbo," alisema Eirlys.

"Najua. Nisikilize kidogo tu. Fedha zako zibaki kwa jina lako, zote. Kodi ilipe. Mimi pensheni yangu inanitosha chai na biskuti. Siku ile nilitaka kukuomba nikuoe. Niliogopa, ulimi ukakimbilia kwenye kodi."

Akafungua kiganja. Pete ilikuwa imelowa.

Eirlys aliitazama, kisha akamtazama yeye.

"Unajua kwa nini fedha zilikaa benki mwaka mzima?"

"Hukupata nyumba."

"Nilipata. Dalali alinionyesha moja hapo nyuma ya kanisa, nzuri, jua linaingia. Jiko lake lilitosha kiti kimoja. Nikakataa. Akanionyesha nyingine, kiti kimoja, nikakataa. Nilikuwa nakungoja useme, Idwal. Nikaona aibu kukuuliza."

Idwal akavua kofia, ingawa mvua haikuwa imepungua.

"Kwa hiyo ile kodi..."

"Ni ya ulimi wako mzito. Nusu yake utalipa wewe."

"Nitalipa yote."

"Nusu, nimesema. Na mimi nilinyamaza." Akavua glavu ya mkono wa kushoto, akaitia mfukoni. "Haya, nivishe kabla sijalowa. Kesho twende kwa dalali, na viti vyote viwili utabeba wewe."