Waya wa Ardhi

"Shauri Na. 212 la mwaka 1912: Kuhusu Chupa Tupu Kumi na Nne za Bia, Mali ya Klabu ya Wazungu, Dodoma, Zilizochukuliwa Bila Kibali." Ndivyo lilivyoandikwa jalada, kwa mwandiko safi wa mtu asiye na kazi nyingi. Lilikuwa na kurasa thelathini na moja. Chupa zenyewe ziliokotwa jalalani. Serikali ya Mdachi ilijua kutupa, ila haikupenda kuona mtu akiokota.

Mwokotaji alikuwa Halfani, karani wa simu, kaka yake bibi yangu mzaa mama. Kwao Kondoa. Alisoma shule ya serikali Tanga, akarudi na Kijerumani kidogo na ugonjwa mmoja usio na dawa: kupenda umeme. Katika gazeti kuukuu la Bwana Posta, Mzungu mkuu wa ofisi yake, alisoma habari za koili ya Tesla, ile inayotema cheche hewani. Basi akachonga gogo la mninga, akaomba mashine mbovu ya kutibia neva iliyoachwa na daktari wa reli, akakusanya betri zilizochoka za ofisini. Chupa alizijaza maji ya chumvi, akaziziba kwa nta, akazivika karatasi za bati kutoka makasha ya chai, zimtunzie umeme. Mkewe, Zaitun, ndiye aliyeuvika waya nyuzi za pamba, pima baada ya pima, akikaza kila mzunguko wa tatu.

"Wenzangu wanasuka ukili," Zaitun alimwambia siku moja. "Mimi nikiulizwa nasuka nini, nijibu nini?"

"Sema unasuka radi."

"Ina urefu gani?"

"Kidole."

"Hiyo si radi, mume wangu. Hiyo ni njiti ya kiberiti."

Maneno hayo yalimchoma. Akaongeza mizunguko ya waya, akaweka tufe la shaba juu, akapanga chupa upya. Cheche ikafika shibiri, ikagoma. Gazeti lilisema dawa ni ardhi: waya wa chini wa koili ufungwe kwenye sahani ya shaba, na sahani ifukiwe kwenye udongo wenye unyevu. Unyevu, Dodoma, mwezi wa tisa! Mwandishi wa gazeti alikuwa Berlin, kwake udongo wote una unyevu.

Halfani alizunguka na jembe siku nne. Siku ya tano, hatua mia mbili nyuma ya nyumba yake, ng'ambo ya vichaka vya miiba, alikuta kipande cha udongo mweusi, laini, kimezungukwa na mawe. Hakujiuliza ni nani anayemwaga maji porini wakati ng'ombe wanalamba tope. Alifukia sahani kina cha dhiraa moja, akautambaza waya hadi nyumbani.

Siku hiyo hiyo cheche ilifika urefu wa mkono. Halfani alipiga makofi. Zaitun hakupiga. Alikuwa anakunywa maji.

Asubuhi chupa zote kumi na nne zilikuwa kavu. Nta ya vizibo ilikuwa haijaguswa.

Halfani alizijaza. Kesho yake zilikuwa kavu tena, na mtungi wa uani pia.

"Mtungi ni mimi," Zaitun alisema. "Chupa sijui."

Alikunywa kata kumi. Akanywa kumi na tano. Hakukaa chini; alizunguka uani toka asubuhi, kata mkononi. Midomo ilimpasuka. Ngozi ya mikono yake ikawa kama ganda la kitunguu.

Alhamisi akaja Matonya, mfugaji wa Kigogo aliyewauzia maziwa. Safari hii hakuleta maziwa. Alikuwa ameufuata waya kwa miguu.

"Shikamoo, mzee," Halfani alisema.

"Marahaba. Karani, umemfunga babu yetu kamba."

"Babu gani?"

"Aliyekuwa anatuombea mvua. Amelala pale kwenye mawe. Kila nyumba inampelekea kibuyu kimoja, sisi wenyewe hatunawi uso. Sasa hanywi tena kwetu." Alimtazama Zaitun, akashusha sauti. "Anakunywia hapa. Kaing'oe sahani yako leo."

"Jumamosi anakuja mkaguzi wa simu kutoka Dar es Salaam, mzee. Akiiona mashine hii, atanipeleka karakana kuu. Nipe siku mbili."

"Siku si zangu za kukupa."

Zaitun alikuwa mlangoni. Akanong'ona, "Jumamosi ni mbali?"

"Kesho kutwa."

"Kesho kutwa," alirudia, akanywa.

Jumamosi, saa nne asubuhi, madirisha yalizibwa kwa magunia. Mkaguzi alikaa kwenye kiti pekee, Bwana Posta akasimama nyuma yake kama kivuli chenye mshahara. Halfani aliunga waya.

Cheche ikatoka, ya bluu, ndefu kama mkuki. Haikwenda kwenye fimbo ya chuma aliyoitegea. Ilipinda. Ikapiga ukuta. Halfani akahamisha fimbo. Ikapiga ukuta, pale pale.

Nyuma ya ukuta ule alilala Zaitun.

Wote watatu wakasikia mtu anameza. Mara moja. Mara ya pili. Chumba kile hakikuwa na tone la maji.

Mkaguzi alikunja uso, akauliza swali lake moja tu: chupa hizi zina kibali?

Halfani alichukua jembe, akakimbia. Matonya alikuwa tayari kwenye mawe, anamngoja. Walichimba dhiraa moja. Sahani haikuwepo. Waya uliendelea chini. Wakavuta. Zikaja pima tano. Kumi. Ishirini. Zote zimevikwa nyuzi za pamba, kwa mkono wa Zaitun, ule mkono wake wa kukaza kila mzunguko wa tatu. Waya wa ardhi Zaitun hakuwahi kuuvika.

Kisha upande wa pili ukavuta.

"Kata!" Matonya alinong'ona.

Halfani alikata kwa jembe. Ncha ikazama, taratibu, kama mkia.

Alipofika nyumbani majirani walikuwa wamesimama uani. Zaitun alikuwa amewaomba wamtie kwenye pipa la maji lililoletwa kutoka reli, nao wakamtia. Alikaa humo, macho wazi, maji yamemfika shingoni.

Kutoka kwenye pipa zilianza nyayo za maji. Jozi mbili, moja kubwa, moja ndogo kama miguu ya Zaitun. Zilipita mlangoni, zikaelekea porini, kwenye mawe. Lilikuwa jua la saa saba. Nyayo hizo hazikukauka hadi kesho yake.

Daktari aliandika homa. Zaitun alikufa kwa kiu, mchana, ndani ya pipa lililojaa maji, kwa sababu mumewe alitaka siku mbili.